Hofu ya Kupiga Simu na Namna ya Kuipunguza

Mtoto ana homa tangu alfajiri. Mama ameitoa kadi ya kliniki kwenye pochi, ameiweka mezani kando ya simu, na nambari yenyewe anaijua kwa moyo. Anaosha vyombo, anarudi, anaitazama simu, anakwenda kumpangusa mtoto kwa kitambaa cha maji, anarudi tena. Saa tisa na nusu alasiri mwanawe mkubwa anaposhuka kwenye basi la shule, mama anampa simu ile ile na kumwambia, "Hebu zungumza nao wewe, mwanangu." Kufikia hapo nafasi za siku hiyo zimekwisha, na kliniki inawaelekeza waende hospitali, kwenye idara ya dharura, ambako watakaa hadi usiku.

Katika kaya nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili, iwe Westerville na Columbus, Louisville au Buffalo, jambo la namna hii halihesabiwi kuwa ni la afya. Huitwa aibu, au uzembe, au husemwa tu kwamba Kiingereza hakitoshi. Lakini matokeo yake huonekana katika afya: dawa ya shinikizo la damu inakwisha na haiongezwi, mjamzito anakosa kipimo chake cha wiki ile, barua ya kuhuisha bima ya Medicaid inakaa juu ya jokofu hadi tarehe ipite. Na kwa kuwa mwenye hofu huona haya kuisema, watu wa nyumbani huona lile tu lisilofanyika, wakamlaumu.

Mnong'ono na mwili

Neno "wasiwasi" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mnong'ono. Ni jina linalofaa. Kabla ya simu kupigwa, kuna sauti ndogo inayonong'ona: hutaelewa watakachosema, watakucheka, utajibu ndiyo mahali pa hapana. Mwili nao huusikia mnong'ono huo kana kwamba ni hatari ya kweli. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, viganja hutoa jasho, kinywa hukauka, na maneno ambayo mtu aliyajua dakika tano kabla hayapatikani. Huo si udhaifu wa imani wala wa akili. Ni utaratibu ule ule ambao ungemsaidia mtu kumkimbia nyoka, isipokuwa umeamshwa mahali pasipo na nyoka.

Wala si maradhi ya wageni peke yao. Mshairi wa Kiingereza Robert Graves aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1929 kwamba baada ya kurudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza hakuweza kutumia simu. Wapo Wamarekani waliozaliwa hapa hapa, wenye shahada na kazi nzuri, ambao huandika barua ndefu kuliko kupiga simu ya dakika mbili.

Mwenye hofu anapoiahirisha simu, hupata nafuu papo hapo. Moyo hutulia, na ubongo hujifunza kwamba kilichomwokoa ni kutopiga. Kesho yake hofu huwa imeongezeka kidogo, kwa sababu jana ilizawadiwa. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa akiogopa simu za hospitali tu anavyojikuta, baada ya mwaka, akiogopa hata simu ya mwenye nyumba, na kisha mlio wa simu yoyote.

Kwa nini simu ni nzito kuliko mazungumzo ya ana kwa ana

Mtu anayejifunza lugha huelewa nusu kwa masikio na nusu kwa macho. Dirishani mwa ofisi huona midomo ikitamka, mkono ukionyesha mlango, kidole kikiwekwa juu ya mstari wa kutia saini. Simu huondoa vyote hivyo na kuacha sauti peke yake, tena sauti inayokwaruza. Mtu anayejimudu sokoni na kazini huweza kushindwa kabisa kwenye simu, akadhani Kiingereza chake kimerudi nyuma. Hakijarudi. Amenyang'anywa macho tu.

Kisha kuna suala la salamu. Mswahili hupiga simu kwa hodi: hali, watoto, kazi, wazee, hali ya hewa ikibidi, ndipo haja hutajwa. Mhudumu wa mapokezi wa Kimarekani hutaja jina la kliniki kwa pumzi moja na papo hapo huuliza tarehe ya kuzaliwa. Sikio lililolelewa Kigoma, Mombasa au Uvira husikia ukali, na moyo hujikunja kabla mazungumzo hayajaanza. Ni vyema ijulikane kwamba huo si ukali. Ni desturi ya kazi ya huku, na swali la tarehe ya kuzaliwa ndiyo njia yake ya kumtafuta mgonjwa katika kompyuta.

Wengine wana sababu za ndani zaidi. Waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma, Dadaab au Kyangwali wamewahi kukaa mbele ya maofisa na kuulizwa maswali ambayo yalirudiwa miezi mingi baadaye, na jibu lisilolingana na la kwanza likalichelewesha faili. Kwao, ofisa anayeuliza maswali kwa haraka si mhudumu, ni mtu anayeshika hatima ya familia. Na wapo ambao simu kwao ni mleta msiba. Mji wa Goma ulipotekwa mwezi Januari 2025, palikuwa na watu Louisville na Buffalo waliolala na simu mkononi, wakiuogopa mlio wake na wakiuogopa ukimya wake pia. Mtu wa namna hiyo akishtuka simu inapolia, haitoshi kumwambia aache uoga.

Wapo pia matapeli. Wanaojifanya watu wa uhamiaji, wa kodi au wa Hifadhi ya Jamii hupiga simu, hutisha, na hudai fedha mara moja, mara nyingi kwa kadi za zawadi za dukani. Hakuna ofisi ya serikali ya Marekani inayodai malipo kwa kadi za zawadi. Kwa sababu ya matapeli hao, familia nyingi zimejiwekea kanuni ya kutopokea nambari wasiyoijua. Kanuni hiyo ina busara, ila ina gharama, kwa kuwa simu za kliniki, za shule na za ofisi ya misaada nazo mara nyingi huja kwa nambari isiyojulikana. Usaili wa msaada wa chakula wa SNAP mara nyingi hufanywa kwa simu, na asiyepokea wala kurudisha simu ombi lake huweza kukataliwa. Huko Ohio, tangu mwaka 2019, sheria inazitaka shule zimjulishe mzazi ndani ya dakika 120 tangu masomo kuanza iwapo mtoto hajafika bila taarifa. Simu ngeni ya saa tatu asubuhi yaweza kuwa ni hiyo. Njia ya kati ni kuhifadhi katika simu, kwa jina la Kiswahili, nambari za kliniki, famasi, shule na mfanyakazi wa kesi, na kuiacha nambari ngeni iingie kwenye ujumbe wa sauti, kisha kuusikiliza ujumbe siku hiyo hiyo. Anayetiliwa shaka hukatwa, na mwenyewe hupigiwa kwa nambari iliyo nyuma ya kadi ya bima au juu ya barua rasmi.

Mahali ambapo makosa hutokea kweli

Sehemu ya hofu ya simu ina msingi, kwa maana kuna makosa ambayo hutokea kwenye simu na hayatokei dirishani. Anayeyajua mapema huwa nusu ya safari ameimaliza.

Kosa la kwanza ni la saa. Mmarekani husema miadi ni "tu o'kloki" mchana. Aliyetoka pwani husikia mbili, na saa mbili yake ni asubuhi. Ubaya ni kwamba saa zote mbili kliniki iko wazi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Vivyo hivyo "naini" ya asubuhi, ambayo kwa Kiswahili ni saa tatu, hugeuka saa tisa alasiri. Na "teni" ya asubuhi, yaani saa nne, hugeuka saa kumi. Mama hufika amejiandaa, na watoto wamevaa vizuri, akaambiwa amechelewa kwa saa sita. Kliniki nyingi huandika hilo kuwa ni miadi iliyokosekana, na ikikosekana mara kadhaa mgonjwa huweza kuondolewa. Mambo huzidi kuchanganyika mkalimani anapotoka upande mwingine wa eneo letu, kwa sababu wapo Wakongo waliosoma kwa Kifaransa na kuzoea kuhesabu saa kwa Kifaransa hata wanapozungumza Kiswahili. Dawa yake ni moja: kurudia saa pamoja na sehemu ya siku, na kuuliza ni saa ngapi kabla au baada ya adhuhuri. Katika kalenda ya nyumbani iandikwe kama inavyoonekana kwenye uso wa simu, 9:00 AM au 2:00 PM, bila kutafsiriwa.

Kosa la pili ni la herufi. Mhudumu husema, "Nitajie jina lako herufi kwa herufi," na hapo ndipo wengi hukata simu. Mswahili aliyezoea a, e, i, o, u hukuta kwamba Kiingereza kinaiita A "ei", E kinaiita "ii", na I kinaiita "ai". Kwa hiyo akitamka "i" kwa nia njema, mwenzake huandika E. Aliyesoma Kifaransa ana mtego wa ziada: G na J zimebadilishana sauti, kwani G ya Kiingereza ni "jii" na J ni "jei", ilhali kwa Kifaransa sauti ya "ji" ni ya J. Z nayo, ambayo waliosoma Kenya, Uganda na Tanzania huiita "zed", Wamarekani huiita "zii", na kwenye simu mbovu hufanana na "sii" ya herufi C. Jina fupi kama Zaina hutamkwa hivi: zii, ei, ai, en, ei. Kila mtu katika nyumba na aandikiwe jina lake kwa mtindo huu kwenye karatasi, mara moja tu, na karatasi hiyo ikae karibu na simu. Huo ni ukurasa mmoja wa kazi, na faida yake ni ya miaka.

Umuhimu wa kutaja herufi vizuri unazidi kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku yao halisi haikujulikana au haikuandikwa. Katika familia moja watu watano huweza kuwa na siku hiyo hiyo, na katika kliniki moja wagonjwa wengi wenye majina yanayokaribiana wakawa nayo pia. Jina likikosewa herufi moja, faili linalofunguliwa laweza kuwa la mtu mwingine. Ikumbukwe pia kwamba Marekani mwezi hutangulia siku: 3/9 ni tarehe tisa Machi, wala si tarehe tatu Septemba. Ni salama zaidi kutaja mwezi kwa jina.

Kosa la tatu ni la tarakimu. Kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini hukaribiana sana masikioni, "fiftini" na "fifti". Panapotajwa kipimo cha dawa, nambari ya nyumba au bei, inafaa kuomba tarakimu moja moja: moja, tano, au tano, sifuri.

Mkalimani ni haki, na ni bure

Wengi huahirisha simu wakisubiri Kiingereza chao kikomae. Hawana haja ya kusubiri. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya sita, inazikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na Mahakama Kuu iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake kunaingia humo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 kinazilazimu hospitali, kliniki na kampuni za bima zinazopokea fedha hizo kumpa mgonjwa mkalimani mwenye sifa bila malipo.

Ukalimani wa kwa simu si jambo jipya. Australia iliuanzisha mwaka 1973 kwa ajili ya wahamiaji wake. Leo mhudumu wa Columbus huweza kumwunganisha mkalimani aliyeko jimbo jingine kwa muda mfupi, wakawa watu watatu kwenye laini moja. Mkalimani kwa kawaida hutaja nambari yake badala ya jina, na anafungwa na wajibu wa kutunza siri.

Anachohitaji kusema mpigaji ni maneno matatu: "Swahili interpreter, please." Hutamkwa takriban hivi: Swahili, intaprita, pliiz. Ni muhimu kusema "Swahili" na si "Kiswahili", kwa maana wahudumu wengi hulijua jina la kwanza tu na huweza kulitafuta la pili katika orodha yao wasilipate. Baada ya maneno hayo, mpigaji hunyamaza na kungoja. Muziki utapigwa, labda kwa dakika kadhaa. Muziki haumaanishi kwamba amesahauliwa. Akiulizwa jambo asilolielewa, huyarudia maneno yale yale matatu, bila kuomba radhi. Pale anapopokea mtambo badala ya mtu, ukaorodhesha tarakimu za kubonyeza, mara nyingi kubonyeza 0 au kukaa kimya humfikisha kwa binadamu.

Kiswahili chenyewe kina lahaja zake. Mzee wa Fizi na mkalimani wa Nairobi huweza kupishana katika maneno ya mwili na ya maradhi, na Msomali Mbantu huweza kukijua Kizigua zaidi ya Kiswahili. Mgonjwa asiyemwelewa mkalimani, au anayehisi kwamba sauti hiyo anaijua na hangependa mambo yake yajulikane na jamaa, ana ruhusa ya kuomba mwingine. Haitwi mkorofi kwa hilo. Wapo wanawake walioficha dalili kubwa kwa sababu tu mkalimani alikuwa mwanamume. Na wao pia waweza kuomba mwanamke.

Mtoto asibebeshwe simu

Ni rahisi kumlaumu mama wa mwanzo wa makala haya, lakini alifanya lile ambalo karibu kila nyumba imewahi kulifanya. Mtoto amekulia shuleni, Kiingereza chake kinateleza kama maji, na simu haimtishi. Hata hivyo kanuni za kifungu cha 1557 zinakataza watoa huduma kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa muda katika dharura ambapo mkalimani hajapatikana. Sababu ni mbili. Mtoto wa miaka kumi na miwili hajui neno la Kiswahili la tezi wala la Kiingereza la kizunguzungu, na akikwama hubuni. Sababu nyingine ni ya heshima: anasikia habari za uzazi wa mama yake, za deni la baba yake, za kipimo ambacho jibu lake si zuri, na analazimika kulitamka yeye. Nyumba iliyolelewa kwa shikamoo na marahaba haistahili kugeuzwa juu chini hivyo.

Mtoto anaweza kusaidia kwa njia nyingine. Anaweza kuandika ile karatasi ya herufi. Anaweza kukaa kando wakati mama anapiga, mkono begani, asiseme neno.

Nambari 911

Hapa ndipo hofu ya simu huweza kugharimu roho. Huko wengi walikotoka, mgonjwa akizidiwa usiku hupigwa ukunga, majirani wakaja, ikatafutwa pikipiki au machela. Kumpigia simu mtu asiyeonekana na kuamini kwamba gari litakuja ni jambo la kujifunza. Wengine huhofia polisi, wengine huhofia gharama ya gari la wagonjwa. Gharama hizo ni za kweli, na hospitali nyingi zina ofisi ya msaada wa fedha ya kuzungumza nayo baadaye; lakini maumivu ya kifua, mdomo uliopinda ghafla, mtoto asiyepumua vizuri, damu isiyokoma na moto ndani ya nyumba havingoji hesabu.

Kitu cha kwanza kutamkwa ni anwani: nambari ya nyumba, jina la mtaa, nambari ya apatimenti, mji. Simu ya mkononi huonyesha mahali kwa kukadiria tu, na jengo lenye milango arobaini hukadiriwa kama jengo moja. Kwa wakazi wa Westerville kuna jambo dogo la kuangalia: mji huo umekaa katika kaunti mbili, Franklin na Delaware, kwa hiyo jina la mji litajwe kila mara pamoja na mtaa. Kitu cha pili ni neno "Swahili". Kisha simu isikatwe, hata pakiwa kimya, kwa maana mkalimani anatafutwa, na anayepokea huweza kuwatuma wasaidizi huku akingoja. Simu isiyo na kifurushi nayo hupiga 911, na aliyepiga kwa bahati mbaya asikate kwa woga. Aseme tu kwamba amekosea.

Mtoto akila dawa au kumeza sabuni lakini yuko macho na anapumua vizuri, kituo cha sumu hupatikana bure saa zote kwa 1-800-222-1222, na mkalimani yupo.

Kuzoea kidogo kidogo

Hofu ya simu hupungua kwa kuizoea kwa vipimo vidogo, si kwa kujilazimisha simu ngumu siku moja na kuapa kutorudia. Tiba inayotumiwa na wanasaikolojia hujengwa juu ya wazo hilo hilo. Mtu huanza kwa simu isiyo na hatari yoyote: kuipigia famasi usiku baada ya kufungwa na kusikiliza mtambo ukitaja saa za kazi. Anaipiga tena kesho. Halafu huipigia maktaba ya mji mchana, akauliza wanafunga saa ngapi, akashukuru na kukata. Kisha hupiga kuuliza kama dawa iko tayari. Miadi ya daktari huja baadaye. Kila hatua irudiwe hadi ichoshe. Hatua iliyokuwa ikitetemesha na sasa inachosha ndiyo iliyokamilika.

Kabla ya kupiga, haja huandikwa kwa mstari mmoja, na kalamu huwa mkononi. Pumzi ndefu ya kutoa, ndefu kuliko ya kuvuta, ikirudiwa mara tano au sita, huupunguza mwendo wa moyo. Kusimama na kutembea polepole chumbani huwasaidia wengine kuliko kukaa. Wakati nao una nafasi yake: anayefanya kazi ya usiku katika maghala ya Columbus au kupanga mizigo ya ndege huko Louisville hulala saa ambazo ofisi ziko wazi, na simu inayopigwa katika nusu usingizi huogopesha maradufu. Huyo na achague siku yake ya mapumziko. Kutumia ujumbe wa maandishi, au tovuti ya mgonjwa kama MyChart, au kwenda dirishani mwenyewe, si kosa. Ila kama njia hizo zimekuwa maficho, hofu itaendelea kukua nyuma yake.

Pale ambapo hofu imedumu miezi sita au zaidi, ikawa inamzuia mtu kazi, matibabu au shule ya watoto, au inapofuatana na kukosa usingizi, ndoto za vita na kuepuka watu wote, hilo ni jambo la kumwambia daktari wa kawaida wa familia. Hakuna haja ya kuanza na hospitali ya wagonjwa wa akili, jina ambalo kwetu huogopesha kuliko maradhi yenyewe. Daktari huweza kumpeleka mgonjwa kwa mshauri, na baadhi husaidiwa pia na dawa ambazo si za kulevya. Swala, dua na mazungumzo na watu wa rika huenda sambamba na tiba, wala hakuna kinachomfukuza mwenzake. Anayefikia kuona heri asingekuwepo apige 988 saa yoyote. Laini hiyo ya taifa imekuwepo kwa nambari hiyo tangu Julai 2022, na kwa kusema "Swahili" huunganishwa na mkalimani.

Simu ikijibiwa na mashine ya ujumbe wa sauti, wengi hukata kwa fadhaa. Ujumbe wa kutosha ni mfupi: jina, tarehe ya kuzaliwa kwa mwezi uliotajwa, nambari ya simu mara mbili, tarakimu moja moja, na neno "Swahili" mwishoni. Kliniki ikipiga kurudisha, mkalimani huweza kuwa tayari yuko kwenye laini.